Mzabibu na Kombe la Mama

Siku ya hitima ya mdogo wangu Saidi, mjukuu wake anayesoma Dodoma aliweka bakuli la zabibu katikati ya mkeka wa wanawake. Zilikuwa nyeusi, kubwa, zimeoshwa na bado zina matone ya maji. Wenzangu wakanyoosha mikono. Mimi nikainuka, nikasema nakwenda kuangalia sufuria, ingawa jikoni walikuwepo vijana wa kutosha na hakuna aliyenihitaji. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi mpaka niliposikia bakuli limeondolewa.

Saidi alikuwa mtu wa mwisho aliyebaki kati ya waliolala nyumba moja nami utotoni. Alipenda kuwaambia watoto wake kwamba hakumbuki uso wa mama yetu wala sauti yake, ila anakumbuka kula zabibu mwaka ule aliokufa mama, na zilivyokuwa tamu. Nilikuwa nikimsikiliza na kunyamaza. Sasa hayupo tena wa kumnyamazia. Nimesoma mpaka darasa la nne tu na mkono wangu umechoka, lakini nitaandika kadiri nitakavyoweza.

Baba yetu alikuwa fundi seremala, Mmwera wa bara aliyeshuka Lindi akiwa kijana, akapata kiwanja Mtanda na mke wa hapo hapo Mtanda. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ya malori ya mradi wa karanga, yalipokuwa yakipita Mingoyo mchana kutwa. Wa rika langu watakumbuka jinsi mji ulivyookota mabaki ya mradi ule: waya, misumari, mapipa, mbao za masanduku ya mashine. Mlango wa chumba chetu ulikuwa na herufi za Kizungu zilizosimama kichwa chini, kwa sababu baba hakujali herufi, alijali ubao.

Mwaka mmoja aliitwa misheni ya huko bara kutengeneza mabenchi ya kanisa. Alikaa miezi miwili. Aliporudi alikuwa na sanduku lake la vyombo begani, na mkononi ameshika vijiti vitatu vilivyofungwa kwa gunia bichi. Mama alimpokea sanduku, akavitazama vile vijiti.

"Miezi miwili, Baba Somoe, ukaniletea kuni tatu?"

"Si kuni. Ni zabibu."

"Zabibu ziko dukani kwa Mhindi, kwenye karatasi."

"Zile zimekaushwa. Mti wake ndio huu."

Mama akanitazama mimi, nikamtazama yeye, tukacheka sote wawili. Nilizijua zabibu za Idi, zile zinazotiwa kwenye pilau, na nilidhani zinaota hivyo hivyo, kavu na zilizokunjamana, kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini.

Vijiti viwili vilikufa. Cha tatu kikatoa jani. Hapo baba akawa kama mtu aliyepewa mtoto mwingine. Alisimamisha boriti nne za mkoko uani, akalaza fito juu yake, na juu ya fito akavuta waya wa karanga mistari sita, akaukaza mpaka ukiugonga unalia. Tulikiita kichanja. Mzabibu ukapanda boriti, ukashika waya kwa vikono vyake vyembamba vilivyojisokota kama uzi wa cherehani, na baada ya masika mbili uani kwetu pakawa na kivuli ambacho hakikuwepo nyumba nyingine yoyote. Mama alihamishia chini yake kinu, mbuzi ya nazi na mkeka wa kuchambulia mchele. Mzunguko wa shina baba aliupanga mawe, na ilikuwa marufuku kukanyaga ndani ya mawe yale.

Jirani yetu, Bi Mwajuma, alikuwa mjane na hakuwa na kazi iliyompendeza kuliko kutazama ya wenzake. Alikuwa akiingia na kikombe chake cha kahawa, anaketi kivulini, halafu anakisema kivuli.

"Baba Somoe, huu ni mti wa mapadri. Ukizaa utatulevya mtaa mzima."

"Utalewa wewe tu, Bi Mwajuma. Wengine hungoja kukaribishwa."

"Nitalewa kwa kipi? Majani matupu. Unanikumbusha marehemu mume wangu. Maneno tele, mtoto hata mmoja."

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Lakini neno lile lilikuwa kweli. Mzabibu ulikuwa na majani, kichala hakuna hata kimoja. Baba hakujua kwa nini, mpaka alipopita Mzee Damiani, mtunza bustani wa misheni, aliyekuwa ameshuka mjini na lori kuchukua mizigo. Ndiye aliyempa baba vile vijiti. Alisimama chini ya kichanja, akainua uso, akatikisa kichwa.

"Fundi, unafuga majani. Mti huu haujawahi kukatwa?"

"Nikiukata si utakufa?"

"Haufi. Mvua ikishakatika, upogoe mpaka uone mifupa. Mimi nakata ya padri kila mwaka, na kila mwaka padri anafumba macho."

Baba aliitikia, lakini nilimwona hakupenda.

Masika ile mama alikuwa mjamzito na mimba ikatoka. Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa mama ana homa. Alihamia chumba cha ndani, na chumba kile kikawa na harufu ya udi na mafuta ya nazi, na chini yake harufu nyingine niliyokuwa siijui. Nilikuwa na miaka minane au tisa, Saidi alikuwa na mitatu. Bi Mwajuma alitupikia uji mchana. Mimi nilifagia, nilichota maji, na nilimtumikia mama. Dresa wa hospitali, mfunga vidonda aliyekuwa akipita mtaani kwetu jioni akirudi kwake, aliingia mara moja kumwona. Alipotoka alimwambia baba pale mlangoni kwamba mgonjwa huyu apelekwe hospitali, asikae nyumbani. Mama alimsikia.

"Wanawake wawili wa mtaa huu wameingia mle mwaka huu," akasema kutoka ndani. "Wote wawili tumewasomea hitima. Mwalimu aniandikie kombe la kunywa kwanza. Nikilimaliza, nitakwenda mtakakonipeleka."

Baba hakubishana naye. Aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda. Mimi nilikuwa sakafuni nikimkanda mama miguu. Akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya chini, "Vumilia, Mama Somoe. Mzabibu ukizaa, utakuwa umesimama."

Mtu mzima angesikia faraja. Mimi nilisikia agizo. Nilielewa kwamba mama atasimama mzabibu utakapozaa, na kwamba usipozaa hatasimama. Sikumuuliza mtu. Watoto wa wakati ule hatukuwa watu wa kuuliza, na lililokuwa wazi kama lile la nini kuliuliza?

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa na baba hakwenda kazini. Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa. Akachukua msumeno mdogo na kisu cha bustani, akaegemeza ngazi kwenye kichanja, akapanda. Nikasikia tawi la kwanza likianguka. Nilipotoka nje, jua lilikuwa limeshapita lilipokuwa halipiti.

"Baba, unauua."

"Siuui. Shika ngazi."

Niliishika ngazi kwa sababu niliambiwa niishike. Matawi yaliniangukia kichwani, na kila lililoanguka nililihesabu kama kitu alichonyang'anywa mama. Hadi karibu na saa ya kwenda msikitini lilikuwa limebaki gongo moja lililopinda na mikono minne mifupi juu ya waya. Mbuzi wa jirani walikuwa wanakula majani kwenye lundo. Bi Mwajuma aliingia, akashika kiuno.

"Baba Somoe, mti umeukata au umeupa talaka?"

 Baba alikwenda kuoga. Mimi nilibaki chini ya kichanja, ndipo nikaona. Kila mahali msumeno ulipopita palikuwa panatoka maji. Yalijikusanya tone, yakaning'inia, yakadondoka, likaja tone jingine. Nikakinga kidole, nikaonja. Hayakuwa na ladha. Nilitegemea chumvi.

Alasiri mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alikuja na sahani nyeupe. Alikuwa ameandika aya kwa wino wa zafarani, duara kwa duara mpaka ukingoni. Mbele yetu aliiosha sahani kwa maji na marashi, maandishi yakayeyuka, maji yakawa ya manjano, akayatia kwenye chupa ya sharubati. "Kikombe cha kahawa asubuhi, kikombe jioni," akasema. "Ni ya siku saba. Aanze kesho." Akampa baba ile sahani isuuzwe, akamkumbusha kwamba maji ya kusuuzia hayamwagwi panapokanyagwa na miguu ya watu. Baba alisimama uani akatafuta mahali. Mahali pekee pasipokanyagwa uani kwetu palikuwa ndani ya mawe ya mzabibu. Akainama, akamwaga pale, taratibu, shinani.

Nilimwona kwa macho yangu. Baba alikuwa ameunywesha mzabibu kombe la mama. Nikaona kumbe na yeye anajua, ameukata na sasa anautibu. Ila aliupa masuuzo tu, na mgonjwa wa namna ile, anayetoka maji kila kidonda, masuuzo yatamfaa nini?

Kuanzia kesho yake kazi ya kumpa mama kombe ilikuwa yangu. Asubuhi baba akishatoka, nilimimina kikombe, nikamwinua mama kichwa kwa mkono wa kushoto, akasema bismillahi, akanywa. Siku ya kwanza alitabasamu.

"Mwalimu ana mkono mzito wa marashi. Nanukia kama bibi harusi."

Halafu nilitoka na chupa chini ya kanga, nikaupa mzabibu vikombe viwili, cha asubuhi na cha jioni kwa pamoja, kwa sababu jioni baba huwa uani. Nilimimina bila haraka, kama alivyofanya yeye. Nilisema bismillahi kwa niaba ya mti.

Jioni baba alirudi na moja kwa moja akapanda kichanja. Alikuwa akifunga ile mikono minne kwenye waya kwa vipande vya kamba, akipaka vidonda udongo, akikaza waya uliolegea. Nilidhani ni mapenzi ya mti. Sasa nikiwa mtu mzima, na nimeuguza, najua yapo mambo ambayo mikono huyakimbilia ikiwa haiwezi lile linalotakiwa. Kutoka juu huko ananiambia, "Somoe, mpe mama dawa," nami naingia kumpa kikombe chake cha jioni. Yeye anabaki juu mpaka adhana ya magharibi.

Siku ya tatu maji yaliacha kutoka. Kwenye mkono mmoja wa mzabibu niliona macho mawili yamevimba, yana weupe kama pamba. Nilikimbia kumwambia mama.

"Unachipua."

"Haya," akasema. "Bi Mwajuma atakosa la kusema." Lakini aliyasema macho yakiwa yamefungwa, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Asubuhi ya siku ya nne, nilipompa mama kikombe chake, kilibaki kimoja tu kwenye chupa. Nilikiangalia sana. Naandika hili kama lilivyokuwa, sitaki kujipamba: nilijua kwamba ni cha mama. Nilijua mwalimu amesema siku saba na kwamba siku ile ilikuwa ya nne. Nikaenda nikakimimina shinani, kwa sababu macho ya mti yalikuwa yanafunguka na niliogopa yakifunga tena.

Niliporudi mama alikuwa anaitazama chupa mkononi mwangu.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

 Sijui kama mama alijua. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote na bado sijui. Baba alipoingia mchana kumwona, mama alimwambia, "Kombe limeisha, Baba Somoe. Nipelekeni." Baba aliichukua ile chupa dirishani. Akaigeuza, akaitazama chini, akamtazama mama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa mbao za masanduku, nikingoja aniite. Hakuniita. Alitoka kutafuta watu wa kubeba kitanda.

Mama alikaa hospitali siku nane. Nilipelekwa kumwona mara moja. Alikuwa mdogo kitandani, kama si mama. Aliniuliza Saidi anakula, nikamwambia anakula. Aliniuliza mzabibu, nikamwambia umechipua kote, mikono yote minne. Akasema alhamdulillahi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda kama yalivyopangwa. Siku ya pili yake wakamleta amefunikwa.

Siku ya maziko wanaume waliondoka na jeneza, wanawake wakabaki. Nyumba ilijaa. Mimi nilikwenda nikakaa uani karibu na yale mawe. Majani mapya yalikuwa yametoka, membamba, mekundu kwenye ncha, kila moja kama sikio la panya. Sijawahi kuona kitu kilichokuwa na afya kama mti ule siku ile. Na hapo, hakuna aliyeniambia, nikaelewa. Dawa ilikuwa ya kweli, ilikuwa na nguvu, na ilikuwa imemponya niliyempa. Mama niliyemnyima alikuwa njiani kwenda makaburini. Bi Mwajuma alinikuta pale, akanifuta uso kwa kanga yake, akasema, "Lia, mwanangu, lia." Sikuwa nalia. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo litatoka nililolifanya.

Miezi mitatu au minne baadaye zabibu ziliiva. Vilikuwa vichala kumi na kitu, vyeusi, vina vumbi jeupe ambalo ukigusa linaacha alama ya kidole. Baba alivikata kimoja kimoja, akapeleka kwa mwalimu, kwa dresa, kwa waliobeba kitanda. Bi Mwajuma alikula pale pale amesimama. Hakutania. Alisema zina uchachu kidogo, halafu akaondoka akijifunika uso. Saidi alikula mpaka tumbo likamchafuka. Mimi baba aliniletea kichala kwenye sahani, akakiweka mbele yangu mkekani, akakaa.

"Kula, Somoe."

"Sitaki, baba."

"Mama yako alikuwa akizingoja."

"Najua."

"Basi kula kwa ajili yake."

Nikatikisa kichwa. Baba hakuwa mtu wa kupiga, na siku ile ningependa anipige. Alikaa na mimi mpaka sisimizi wakaanza kupanda kwenye sahani, kisha akaichukua, akaondoka nayo. Hatukuzungumza tena juu ya zabibu.

Jambo jingine ni kwamba baba hakuukata tena mti ule. Mvua zilikuja zikaisha, msumeno ulining'inia ukutani. Mzabibu ukaota ovyo, ukapanda makuti ya paa, ukarudi kuwa majani matupu. Mzee Damiani alipita tena, akausikitikia.

"Fundi, umeuacha umekuwa mwitu."

"Mkono sina tena," baba akamjibu.

Mimi nililisikia jibu lile nikalichukua kama hukumu. Nilisema moyoni kwamba baba ameijua chupa ilikokwenda, na ameuacha mti usimame bila tunda ili nikiuona nikumbuke. Niliishi na mti ule mpaka nilipoolewa Mingoyo. Miaka ya baadaye walipojenga chumba cha nyongeza waliung'oa, na waya wake ukawa wa kuanikia nguo.

Nilizaa, nikazika mmoja, nikalea watano. Nilipokuwa na mimba ya kwanza mama mkwe aliniletea kombe, na koo langu likakataa kulimeza. Alidhani nina dharau. Nilipigwa na maneno mengi nyumba ile kwa ajili ya kikombe kile, na sikuwahi kujieleza. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mwalimu mmoja, kwa kuzunguka, kuhusu mtoto aliyemwaga dawa ya mgonjwa. Akaniambia mtoto haandikiwi dhambi, na kifo cha mtu kina siku yake. Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa vile vile. Nilikuwa nimekwisha kujua yote aliyoniambia, na hayakuwahi kunisaidia.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikuja Mtanda kumuuguza. Alikuwa amepungua mwili, lakini akili ilikuwa timamu. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nakata kucha zake za miguu. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, "Somoe, zile zabibu kwa nini hukula?"

Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Hakusema zabibu zipi. Niliweka wembe chini. Nikamweleza yote, tangu alipokaa ukingoni mwa kitanda na kusema neno lile, tangu masuuzo ya sahani, tangu vikombe viwili vya asubuhi, mpaka kikombe cha mwisho nilichokijua ni cha nani. Nilikuwa nimeitunga hotuba ile mara nyingi, na mwisho wake nilikuwa nimeweka maneno ya kuomba radhi. Sikuyafikia. Alininyanyulia mkono.

"Vikombe vingapi uliupa mti?"

"Saba."

"Na yeye?"

"Saba. Asubuhi na jioni, kama mwalimu alivyosema. Nilimimina mimi kila mara."

"Hakunywa peke yake? Mchana, ukiwa umetoka?"

"Hakuweza hata kujiinua, baba. Chupa ilikaa dirishani. Hakuifikia."

Aligeuza uso kuelekea ukutani.  Kisha akaanza kusema, taratibu, na ilibidi niiname kumsikia.

"Nilipoiona ile chupa tupu siku ya nne, nilisema mke wangu anakunywa kwa kujificha. Nilisema, huyu anaogopa kufa, anakunywa dawa ya siku saba kwa siku nne, peke yake humu ndani, na mimi nipo juu ya kichanja nafunga kamba. Sikumuuliza, ili nisimwaibishe. Hata hospitali sikumuuliza. Nimekaa na hilo, Somoe. Kila nikishika msumeno nilimwona anaifikia chupa."

 Nilikuwa nimekuja na mzigo wangu nikitaka anitue, au anitupie usoni, lolote lile. Hakufanya mojawapo. Hakusema nimekosa, hakusema sikukosa. Nadhani hata hakuliona kosa langu. Alikuwa anatazama mahali pengine kabisa.

"Basi hakuogopa," akasema.

"Hakuogopa, baba. Alisema ananukia kama bibi harusi."

"Alisema hivyo?"

"Siku ya kwanza. Alicheka."

Akafumba macho. Nilimalizia kucha zake, nikamfunika miguu. Alilala usingizi mzito, wa kukoroma, ambao hakuwa ameupata tangu nifike. Alasiri nilipomwamsha atawadhe aswali, alinishika mkono kabla sijamwinua, akaniuliza tena, kama mtoto anayetaka asimuliwe upya.

"Ulimimina wewe?"

Nikamwambia nilimimina mimi.